Vyombo vya kushonwa kwa kamba: mbona maji yalikuwa hayaingii?

Msomaji mmoja ameniletea swali, nalifupisha hapa. Anasema mwalimu wao wa historia aliwaambia wazee wa pwani yetu ya Afrika Mashariki walikuwa wanasafiri baharini na vyombo ambavyo mbao zake zimeshonwa kwa kamba, hamna hata msumari mmoja, na yeye haamini. Anauliza, je ni kweli? Kama ni kweli maji yalikuwa hayaingii? Na je walishona kwa sababu walikuwa hawana chuma? Mwishoni kaongeza, mbona leo hatuvioni tena.

Ndugu yangu, mwalimu wako kasema kweli tupu. Chombo chenyewe kinaitwa mtepe, na kilikuwa na ndugu yake dau la mtepe, na kwao hasa ni visiwa vya Lamu, kule Pate na Faza na kwa Wabajuni. Mitepe ilikuwa inabeba boriti za mikoko kutoka Lamu kushuka Mombasa mpaka Unguja, mzigo mzito kweli huo, na iliendelea kufanya kazi hiyo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, yaani ipo mpaka picha zake zilizopigwa kwa kamera. Kwa hiyo sio hadithi za sungura na fisi hizi, ni chombo ambacho watu walikiona kwa macho na wakakipima na kukichora.

Na ushahidi wa zamani zaidi upo mwingi. Kuna mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa kwa Kigiriki kwenye karne ya 1, unaitwa Periplus, humo ndani mwandishi anataja vyombo vidogo vya kushonwa kwenye pwani hii hii yetu, karibu miaka 2000 iliyopita. Alafu mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Kisiwa cha Msumbiji watu wake waliandika kwenye kumbukumbu za safari kwamba vyombo vya wenyeji ni vikubwa vya kutosha, havina misumari, mbao zimeshikwa kwa kamba, na tanga ni mkeka wa majani. Hao walikuwa wageni hawana sababu ya kutusifia, waliandika walichokiona. Kati ya hapo na hapo kuna miaka karibu 1,400 na ufundi ni ule ule.

Sasa tuje kwenye swali lako zuri, la maji. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kwenye utamu wenyewe.

Watu wengi wakisikia "kushona mbao" wanapata picha ya mbao mbili zimefungwafungwa na kamba kama mzigo wa kuni, na kweli ingekuwa hivyo chombo kingejaa maji kabla hakijatoka bandarini. Ufundi haukuwa hivyo. Kwanza ukingo wa ubao ulichongwa kwa tezo mpaka ukae sawasawa na ukingo wa mwenzake, ukiuweka juu mwanga usipite, na hii ndio kazi ngumu kuliko zote, kushona ni baadae. Kamba haiwezi kusamehe ubao uliochongwa vibaya.

Mbao zikishakubaliana fundi anachukua keekee. Kama hujawahi kuiona, keekee ni mashine ya kutobolea ya mkono, ina ncha ya chuma iliyochomekwa kwenye kipande cha mti cha mviringo kinaitwa msukano, huo msukano unazunguka ndani ya kishikio cha juu kinachoitwa jivu, na unazungushwa na uta, ule ugwe wa uta umezungushwa mara moja kwenye msukano. Mkono mmoja unakandamiza jivu, mwingine unaenda mbele na nyuma na uta kama mtu anayekata kwa msumeno, na ncha inazunguka huku na huku inakula mti taratibu, unga unatoka laini. Majahazi yametobolewa kwa keekee miaka mingi sana. Kwa keekee fundi anatoboa safu ya matundu karibu na ukingo wa ubao wa chini na safu nyingine kwenye ubao wa juu, kila tundu linatazamana na mwenzake, na yanapishana sentimita chache tu. Hebu fikiria mtepe mzima una matundu mangapi, upande wa kulia na wa kushoto, kuanzia kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, mpaka juu.

Kabla ya kamba kupita, juu ya kiungo kwa upande wa ndani wanalaza kitita cha makumbi ya nazi, kinafuata kile kiungo chote kwa urefu. Hiki kitita watu huwa wanakisahau na ndicho jibu la nusu ya swali lako. Kamba inapita juu yake, inaingia tundu la juu, inatoka nje, inarudi tundu la chini, inakwenda tena kwa kupishana, na wanafanya kazi wawili wawili, mmoja yuko ndani mmoja yuko nje wanapokezana ncha ya kamba. Kila mshono unavutwa kwa kijiti kama mtaimbo mdogo, na huku mwenzake anaigonga kamba kwa nyundo ya mti ilale vizuri, alafu tundu linazibwa haraka kwa kipande cha kijiti ili kamba isirudi nyuma. Kile kitita kinabanwa mpaka kinakuwa kigumu, kinakandamizwa juu ya kiungo kama kizibo kirefu. Maji yakitaka kuingia hayakuti nafasi, yanakuta makumbi yaliyobanwa.

Nje sasa. Kamba ikiachwa wazi upande wa nje itasuguliwa na mchanga na mawe kila chombo kikipanda pwani, siku si nyingi imekatika. Mafundi wa nchi za Uarabuni walichimba mifereji midogo kwenye ubao ili kamba izame ndani usawa wa mti. Mafundi wa mtepe walikwenda mbali zaidi, wakishaziba matundu kwa vijiti vilivyobana barabara walikata ile sehemu ya kamba iliyoko nje wakaisawazisha kabisa, kinachoshikilia ni ile kamba ya ndani iliyobanwa na vijiti ndani ya matundu. Ndio maana ukiutazama mtepe kwa nje huoni mshono, unaona nukta nukta tu za vijiti. Mimi kwa kweli hili jambo ndilo linalonifanya niwavulie kofia wale mafundi, manake inabidi uwe unakiamini kijiti chako sana ndio ukate kamba uliyoisumbukia.

Kuna kitu kingine cha muhimu. Kamba ni nzuri kuzuia mbao zisiachane, lakini sio nzuri kuzuia mbao zisiteleze, yaani ubao mmoja uende mbele na mwingine urudi nyuma chombo kinapopanda wimbi. Kwa hiyo mafundi walipigilia vijiti vya mti mgumu kwa mshazari kutoka ubao mmoja kuingia ukingo wa mwingine. Kijiti kinazuia kuteleza, kamba inazuia kuachana. Kila kimoja kimepewa kazi yake. Na mataruma, zile mbavu za ndani, yaliwekwa baadae ganda la mbao likishasimama, yakafungwa nayo kwa kamba, kwa hiyo umbo la chombo lilikuwa kwenye jicho la fundi, hakuna ramani wala fremu ya kufuata.

Mwisho chombo kinapakwa mafuta. Msafiri Ibn Jubayr alipita Bahari ya Shamu miaka ya 1180 akakuta vyombo vya kushonwa vinapakwa samli au mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na akasema ya papa ndio bora. Kwetu mafuta hayo ya samaki yanaitwa sifa, na mpaka leo ukipita kwenye majahazi na mashua za mbao pua itakwambia kabla ya jicho. Chini kwenye tumbo vyombo vya mbao vinapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuzuia wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Alafu chombo kikishaingia majini mti wenyewe unavimba. Ubao unavimba kwa upana wake sio kwa urefu wake, kwa hiyo kingo zinasukumana na kiungo kinazidi kubana. Chombo kilichokaa pwani juani muda mrefu kinavuja mwanzoni, kikishakaa majini kinatulia.

Je maji yalikuwa hayaingii kabisa? Yalikuwa yanaingia, nisikudanganye. Mtepe ulikuwa unavuja kuliko jahazi la misumari, na kufua maji ilikuwa kazi ya kila siku, mabaharia wanashika upo, kile chombo cha kuchotea maji, wanapokezana ngamani, yaani chini ndani ya chombo maji yanakokusanyika. Lakini kuvuja na kuzama ni vitu viwili tofauti, chombo kinachovuja kidogo kidogo na kina watu wa kufua maji kinafika safari yake.

Na kamba yenyewe inahitaji kuelezwa maana sio kila kamba inafaa. Ni kamba ya makumbi ya nazi, usumba. Ukienda mashariki ya Unguja utakuta akina mama bado wanafukia makumbi kwenye mchanga wa pwani, mahali maji yanapokupwa na kujaa, yanakaa humo miezi, yale mambo laini yanaoza na nyuzi zinabaki. Yakifukuliwa yananuka vibaya sana. Yanapigwa kwa kigongo mpaka nyuzi zinaachana, zinaoshwa, zinaanikwa, ndio zinasokotwa. Uzi wa nazi una kile kitu kinachoupa mti ugumu wake kwa wingi kuliko karibu nyuzi zote za mimea tunazotumia, kwa hiyo maji ya chumvi hayauozeshi haraka kama katani au pamba. Na unavutika sana kabla ya kukatika. Shika sifa hizi mbili, hauozi haraka na unavutika, tunazihitaji sasa hivi.

Swali la tatu, la chuma. Hapa ndio nina ugomvi kidogo na maelezo yanayorudiwa rudiwa kwamba walishona kwa sababu walikuwa hawana chuma. Tazama vifaa tu. Tezo ni chuma, ncha ya keekee ni chuma, msumeno ni chuma. Mtu asiye na chuma atachonga vipi hizo mbao na kutoboa hayo matundu mamia kwa mamia? Na sio kuwa nacho tu, mwanajiografia al-Idrisi aliyeandika kitabu chake mwaka 1154 anasema watu wa Malindi walikuwa wanachimba na kuuza chuma na kwamba ndio biashara yao kubwa. Watu wanauza chuma ng'ambo, alafu tuseme walikosa msumari?

Zamani kulikuwa na hadithi nyingine pia, kwamba baharini kuna mlima wa sumaku unaovuta misumari yote chombo kinatawanyika mbao mbao, ndio maana watu wa bahari hii wanashona. Mwanahistoria Procopius aliikataa hadithi hiyo kwenye karne ya 6, na hoja yake ilikuwa safi kabisa: meli za Warumi zina chuma kibao na zinapita Bahari ya Shamu kila siku, mbona hazijapatwa na kitu? Ila na yeye baada ya hapo akasema sababu ni kukosa chuma, na kwa pwani yetu hilo haliingii akilini kwa hayo niliyokueleza.

Sababu hasa ni kwamba mshono ulikuwa na faida zake. Msafiri Ibn Battuta, huyu ndio aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliieleza vizuri alipokuwa anazungumzia kamba za nazi za Maldives, kwamba bahari hizi zina miamba na chombo cha misumari kikigonga mwamba kinavunjika, lakini cha kamba kinakuwa na ulaini fulani wa mwili, kinalegea hakivunjiki. Ni kama kitanda cha kamba, ukikaa kinabonyea mahali pote kidogo kidogo badala ya kuelemea sehemu moja. Msumari unaelemewa peke yake, ukishindwa unapasua ubao. Mshono unavutika, nguvu inagawana kwa kamba nyingi.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa hili uko nje ya pwani yetu, kule Madras India. Kabla hawajajenga bandari pale pwani ilikuwa wazi na mawimbi yanapiga vibaya, na mashua za meli za Wazungu, zimejengwa kwa misumari na zimekazwa, zilikuwa zinavunjika zikijaribu kufika nchi kavu. Kwa hiyo abiria na mizigo walishushwa kwa mashua za wenyeji zinaitwa masula, za kushonwa kwa kamba za nazi, zinajipinda na wimbi zinafika salama. Na huo ndio mpango uliotumika miaka mingi, sio kwa kupenda mila, ni kwa sababu ya kushindwa kwa zile nyingine. Sasa pwani yetu nayo bandari za gati zilikuwa chache sana, vyombo vilipandishwa mchangani maji yakipwa, vinakaa kwa tumbo na mzigo ndani, chombo kinachoweza kujipinda kidogo kinakaa vizuri zaidi.

Pia msumari wa chuma una ugonjwa wake. Kwenye mti ulioloa maji ya chumvi unashika kutu, kutu inavimba, na mti unaouzunguka unaharibika unakuwa mweusi na laini, baada ya miaka msumari umekonda na tundu limepanuka. Mafundi wa majahazi wanalijua hili ndio maana wanauzungushia msumari nyuzi za pamba zenye mafuta kabla ya kupigilia. Mshono ukichakaa unakata kamba unashona upya, mbao ni zile zile, na kamba unasokota mwenyewe kwa makumbi ambayo yangetupwa.

Kwamba vyombo hivi vilifika mbali, usiwe na wasiwasi. Mwaka 1998 ilipatikana meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, imebeba vyombo vya udongo vya China kama 60,000 na bakuli moja lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Mbao zake zimeshonwa, na zilipopimwa baadhi zikaonekana ni mti wa Afrika wa jamii moja na mbambakofi. Wale waliokuwa wanabisha kwamba chombo cha namna hiyo kinaweza kuvuka bahari kuu walijibiwa kwa vitendo, Oman ilijenga chombo kwa kufuata mabaki hayo hayo, wakakiita Jewel of Muscat, na mwaka 2010 kikasafiri kutoka Muscat mpaka Singapore bila msumari. Na kama unadhani ni mambo ya bahari yetu tu, ile mashua ya Farao Khufu iliyofukuliwa Giza, Misri, mwaka 1954, ina urefu wa mita 43 na zaidi na umri wa miaka kama 4,500, nayo imeunganishwa kwa kamba za majani, na matundu yake yametobolewa kwa ujanja kamba ibaki ndani tu isitokeze nje. Tofauti na mtepe, lakini wazo ni moja, kamba isiguse maji ya nje.

Mbona vikaisha basi? Sababu kubwa ni kazi na gharama. Mtepe unakula kamba maelfu ya pima, unataka watu wengi wa kusokota na kushona, na kila baada ya muda inabidi ushonwe upya. Karne ya 19 misumari ya kiwandani ilikuwa rahisi na inapatikana kila bandari, na jahazi lenye tanga la pembe tatu la kitambaa linaweza kwenda karibu na upepo unaotoka mbele, wakati mtepe na lile tanga lake la mraba la mkeka ulikuwa hodari zaidi upepo ukiwa nyuma, unasubiri kaskazi kushuka na kusi kupanda. Mfanyabiashara anataka chombo kinachozunguka haraka na hakihitaji watu watatu wa kufua maji usiku kucha. Kwa hiyo vijana wakajifunza jahazi, wazee waliojua mshono wa mtepe wakaondoka nao. Mimi hili linaniuma kwa sababu hatuna hata maelezo kamili ya fundi mwenyewe kwa lugha yake, mengi tunayoyajua yameandikwa na wageni waliokuwa wanatazama pembeni.

Kama ukipata nafasi nenda makumbusho ya Lamu, kuna mifano ya mitepe pale. Usianzie kwenye ile shingo ndefu ya omo, yaani ya mbele ya chombo, ambayo kila mtu anaipiga picha, watu wanaifananisha na shingo ya ngamia. Chungulia ndani ya tumbo kwanza, uone vile vitita vinavyofuata viungo na kamba zinavyopishana juu yake, alafu zunguka nje utafute mshono ule ule ulioutazama sasa hivi. Utazikuta nukta.